Pumzi ni Amana: Tutaulizwa Hata kwa Moshi wa Jikoni

SHUKRANI zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), Muumba wa mbingu na ardhi, aliyempulizia Adam (A.S.) roho akawa mtu hai baada ya kuwa udongo. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, masahaba zake na kila anayefuata mwendo wao mpaka Siku ya Kiyama.

Ama baad. Ndugu msomaji, tangu uanze kusoma makala hii hadi hapa ulipofika, umekwishavuta pumzi mara kadhaa na wala hukujua. Hukuomba ruhusa, hukulipa bili, hukupanga foleni. Neema nyingine zikitoweka tunapiga kelele. Maji yakikatika siku mbili mtaa mzima unasikika, umeme ukizimika tunalaumu. Lakini pumzi, ambayo mtu akiikosa kwa dakika chache tu anaondoka duniani, ni wangapi kati yetu tumewahi kuikumbuka katika dua zetu?

Allah (S.W.) anatueleza mwishoni mwa Suratut Takaathur kwamba siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Wengi wetu tukiisoma sura hii tunafikiria mali, majumba na watoto. Leo nataka tuifikirie neema iliyo karibu zaidi kuliko hizo, iliyo ndani ya kifua cha tajiri na cha masikini kwa usawa. Na nataka tujiulize maswali mawili. Kwanza, sisi wenyewe tunaitumiaje? Pili, na hili ndilo zito zaidi, ni pumzi za nani tunazozipunguza kwa mikono yetu au kwa kutojali kwetu?

Kiwanda kisicho na kelele

Hebu tuanze kwa kukitazama kiumbe hiki kinachoitwa pafu. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Tukichukua 15 kuwa wastani, basi kwa saa moja ni pumzi 900, na kwa siku moja, usiku na mchana, ni pumzi 21,600. Kila pumzi ya kawaida huingiza kiasi cha nusu lita ya hewa. Piga hesabu utakuta kwamba kwa siku moja mapafu yako yamepitisha karibu lita 10,800 za hewa, sawa na mapipa 54 ya lita 200. Nani angeweza kuibeba kazi hiyo kwa mikono yake?

Hewa ikipita puani hupashwa joto, hutiwa unyevu na huchujwa vumbi. Kisha hushuka katika bomba la hewa, ambalo hugawanyika mawili, moja kwa kila pafu. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto lina mbili, kwa sababu upande wa kushoto moyo nao umetengewa nafasi yake. Kutoka hapo njia zinaendelea kugawanyika kama matawi ya mti, mara 23 hivi, mpaka zinaishia kwenye vifuko vidogo mno vya hewa. Idadi ya vifuko hivyo inakadiriwa kuwa milioni 300 au zaidi. Lau vingekunjuliwa na kutandazwa chini, vingefunika eneo la karibu mita 70 za mraba, yaani sakafu ya nyumba yenye upana wa mita 7 na urefu wa mita 10. Nyumba nzima imekunjwa ndani ya kifua chako!

Ukuta wa kifuko hicho na wa mshipa mdogo wa damu unaokizunguka, vikiwekwa pamoja, ni vyembamba kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita. Hapo ndipo damu hutua mzigo wa hewa chafu ya kaboni dayoksaidi na kuchukua oksijeni, kwa muda usiofika sekunde moja, kisha ikaendelea na safari.

Na jambo la ajabu ni kwamba mapafu yenyewe hayana msuli wa kujipanua. Hayawezi kujivuta wala kujisukuma. Anayeyafungua ni kiwambo, yaani ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo, akisaidiwa na misuli ya mbavu. Kiwambo kikishuka, kifua kinapanuka na hewa inaingia. Kikilegea, hewa inatoka. Na kiwambo nacho kinaamrishwa kutoka sehemu ya chini ya ubongo, ambayo haisinzii hata wewe ukisinzia.

Hata hivyo Allah (S.W.) ametupa hiari kidogo. Moyo hatuwezi kuuamuru usimame kisha uendelee, lakini pumzi tunaweza kuizuia kwa muda, kuirefusha au kuifupisha. Ni kwa hiari hiyo tunazungumza, tunaadhini na kuisoma Qur'an kwa tajwid. Wanafunzi wangu wanajua kwamba mahali pa kusimama katika aya panahusiana na pumzi ya msomaji. Aliyewahi kumsikiliza marehemu Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad wa Misri (1927–1988) anajua pumzi iliyofunzwa vizuri inaweza kufika wapi. Lakini hiari hiyo ina mpaka. Ukiizuia pumzi sana, kaboni dayoksaidi inajaa katika damu, ubongo unakunyang'anya usukani, na utavuta tu, upende usipende. Mwenye kutaka kujua tofauti ya hiari ya mja na amri ya Mola wake, aanzie hapo.

Mwanachuoni wa fiqhi aliyeijua njia ya damu

Baadhi ya vijana wetu wanadhani kwamba elimu ya mwili ni ya watu wengine na Muislamu hana lake humo. Si kweli. Ibn Nafis, mzaliwa wa Sham aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuwa tabibu na pia mwanachuoni wa fiqhi ya madhehebu ya Imam Shafii, madhehebu hayahaya yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu.

Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walishika maneno ya Galen wa Kiyunani kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kupitia vitundu visivyoonekana katika ukuta wa katikati. Ibn Nafis, katika sherehe yake ya sehemu ya Qanun ya Ibn Sina inayohusu maumbile ya mwili, aliyoiandika akiwa kijana mnamo mwaka 1242, alisema kwamba ukuta huo ni mzito na hauna vitundu. Damu, alieleza, lazima iende kwenye mapafu, ichanganyike na hewa huko, ndipo irudi upande wa kushoto wa moyo. Wazungu waliandika jambo hilo mwaka 1553 na kuendelea. Kitabu chake kilikuwa kimesahauliwa mpaka mwaka 1924, daktari Mmisri aliyekuwa akisoma Ujerumani alipokifufua.

Simtaji ili tujifaharishe kwa mababu huku sisi tumelala. Namtaja kwa sababu yeye hakuona ukuta kati ya fiqhi na mapafu. Aliyejua hukumu za twahara na swala alijua pia damu inapita wapi. Na sisi tunalihitaji hilo leo, kwa kuwa hukumu nyingi za madhara haziwezi kutolewa na mtu asiyejua madhara yenyewe.

Pumzi inapimwaje?

Katika karne ya 19 alitokea daktari Mwingereza aitwaye John Hutchinson. Alitengeneza chombo chenye kengele iliyofudikizwa ndani ya maji. Mtu akipuliza katika mpira, kengele hupanda juu, na kimo ilichopanda huonyesha kiasi cha hewa iliyotoka. Chombo hicho ndicho spiromita. Mwaka 1846 alitangaza matokeo ya kuwapima watu zaidi ya 2,000, wakiwemo mabaharia, polisi na wapiganaji wa ngumi, na akaonyesha kwamba uwezo wa mapafu huenda pamoja na urefu wa mtu. Hewa yote ambayo mtu anaweza kuitoa baada ya kuvuta mpaka mwisho aliiita kwa Kiingereza jina ambalo maana yake ni ujazo wa uhai. Alidhani kipimo hicho kingezisaidia hata kampuni za bima ya maisha kujua nani ataishi na nani yuko karibu kufa.

Subhanallah! Hutchinson mwenyewe alifia Fiji mwaka 1861, akiwa na umri wa miaka 50. Chombo kinaweza kukuambia kifua chako kinabeba lita ngapi. Hakiwezi kukuambia zimebaki pumzi ngapi. Hiyo ni elimu ya mwenyewe Allah (S.W.).

Lakini tusikidharau kipimo hicho, kwani hadi leo ndicho msingi wa uchunguzi wa mapafu, ingawa kengele na maji vimegeuka kuwa mashine ndogo ya kushika mkononi. Mapafu ya mwanamume mzima hubeba karibu lita 6. Katika hizo, lita moja na zaidi haitoki kabisa hata ukijikamua vipi. Hubaki ili vifuko visigandamane. Daktari huangalia mambo mawili: umetoa hewa kiasi gani kwa jumla, na katika sekunde ya kwanza peke yake umetoa kiasi gani. Mwenye njia safi za hewa hutoa zaidi ya asilimia 70 katika sekunde hiyo moja. Aliyezibika hutoa kidogo kidogo, kama maji katika bomba lenye kutu.

Kipo pia kidude cha kubana kidoleni kinachoonyesha damu imebeba oksijeni kwa asilimia ngapi. Kwa mtu mwenye afya huwa 95 hadi 100. Elimu yake ilibuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Alifariki Aprili 2020, wakati uleule ambapo dunia nzima ilikuwa ikikitafuta kidude hicho kwa sababu ya Korona.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama yangu mkubwa kwenda kupimwa. Alikuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu tu. Aliwekewa kibanio puani, akashikishwa mrija mdomoni, na muuguzi akawa anamhimiza: vuta, vuta, vuta, haya puliza! Endelea, mama, endelea, endelea! Mama mkubwa alipuliza mpaka machozi yakamtoka. Katika sekunde ya kwanza hakufikisha hata nusu ya hewa yake.

Daktari akamuuliza, "Mama, umewahi kuvuta sigara?" Mama mkubwa akacheka. "Sigara? Mwanangu, mimi hata ugoro sijapata kuugusa." Daktari akauliza tena, "Unapikia nini?" Akajibu, "Kuni. Mkaa ukipatikana, mkaa." "Tangu lini?" "Tangu sijaolewa."

Daktari hakusema neno, akaandika. Mimi niliyekuwa nimekaa pembeni nilijua jambo ambalo halikuandikwa katika karatasi ile. Mama mkubwa alipika vitumbua vya kuuza kila alfajiri, katika kibanda kisicho na dirisha, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo. Kila shilingi iliyonifikisha chuo kikuu ilipita kwanza katika kifua chake.

Kinachopotea hakirudi

Mwaka 1977 watafiti wawili wa Uingereza, Charles Fletcher na Richard Peto, walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 792 wa London kwa miaka 8, wakiwapima pumzi mara kwa mara. Walichokiona kinafaa kusomwa msikitini. Uwezo wa mapafu hufikia kilele ujanani, kisha hupungua taratibu kila mwaka kwa kila mtu. Hiyo ni sunna ya Allah katika miili yetu. Lakini kwa baadhi ya wavutaji sigara upungufu huo ulikwenda kwa kasi kubwa zaidi, bila wao kuhisi lolote kwa miaka mingi, mpaka siku walipoanza kuhema nguvu nyingi zilikuwa zimekwishakwenda.

Na aliyeacha? Aliyeacha hakurudishiwa alichokipoteza. Lakini kasi ya kupoteza ilirudi kuwa ya kawaida, kama ya asiyevuta. Aliyeacha mapema alibaki na pumzi ya kutosha uzee wake. Je, hii haifanani na umri wenyewe? Siku zilizopotea hazirudi, lakini anayesimama leo anaokoa zilizobaki. Ndiyo maana Mtume (S.A.W.) alituusia tuutumie uzima kabla ya maradhi, na ujana kabla ya uzee.

Kuhusu tumbaku, wanazuoni waliotangulia walitofautiana. Wapo walioiita makruhu kwa kuwa madhara yake hayakuwa yamedhihirika. Wanazuoni wengi wa zama hizi, baada ya madhara kuthibiti, wameiharamisha, kwani Qur'an imetukataza kujitupa katika maangamizi kwa mikono yetu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na kati yao zaidi ya milioni moja hawakuivuta wao. Walivutiwa na waume zao, baba zao na wenzao wa kazini. Ndugu yangu unayesema huwezi kuiacha, mbona Ramadhani unakaa nayo mbali tangu alfajiri mpaka magharibi, siku 29 au 30? Uwezo unao. Kilichokosekana ni nia.

Moshi wa jikoni nao ni madhara

Sasa nirudi kwa mama mkubwa, kwa sababu yeye hana sigara ya kuacha. Shirika hilohilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana na kupikia kuni, mkaa, vinyesi vya mifugo na mafuta ya taa, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo vya watoto wadogo zaidi ya 237,000. Hao ni watoto wanaobebwa mgongoni mama akipuliza moto.

Tena mkaa una hatari nyingine isiyo na rangi wala harufu. Ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, ambayo huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Katika sehemu zetu za baridi watu huingiza jiko chumbani wapate joto, wakafunga dirisha, wakalala wasiamke. Na kile kidude cha kidoleni hudanganyika. Huweza kusoma asilimia nzuri kwa mtu ambaye damu yake imekwishajaa sumu.

Kanuni ya fiqhi iko wazi: hakuna kudhuru wala kudhuriana, na madhara huondolewa. Mtume (S.A.W.) alimtaka aliyekula kitunguu kibichi ajitenge na msikiti kwa sababu ya harufu tu inayowaudhi wengine. Ikiwa harufu ya kitunguu imezingatiwa hivyo, itakuwaje moshi unaoziba kifua cha mke kwa miaka thelathini? Katika Suratut Tahrim tumeamrishwa tuzikinge nafsi zetu na ahali zetu na Moto. Aya inazungumzia Moto wa Akhera. Lakini mwanamume asiyejishughulisha kumkinga mkewe na moshi anaouona kwa macho, atamkingaje na Moto asiouona?

Atasema mtu: gesi ni ghali, na sisi ni masikini. Ni kweli, na dini haimkalifishi mtu ila kwa uwezo wake. Lakini hebu tuwe wakweli. Ziko nyumba zenye televisheni kubwa ukutani na jiko la mafiga matatu uani. Zipo harusi zinazotumia mamilioni ukumbini kwa usiku mmoja, kisha bibi harusi akakabidhiwa kibanda cha moshi. Aliye na uwezo anunue jiko la gesi kabla ya kabati la vyombo. Asiye na uwezo atoboe dirisha, aweke tundu juu ya jiko, ahamishie mapishi nje penye upepo, akaushe kuni kabla ya kuwasha, na watoto wakae mbali na moto. Kutoboa dirisha hakuhitaji mkopo wa benki.

Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, ikilenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Misikiti yetu isikae kusubiri. Kamati inayokusanya michango ya zulia inaweza pia kukusanya ya majiko kwa wajane wa mtaa. Na imamu anapotangaza habari za wagonjwa awakumbushe watu kwamba anayekohoa wiki mbili au zaidi aende akapimwe kifua kikuu, kwani dawa yake ipo na ni bure.

Kumpa mtu nafasi ya kupumua

Katika Kiarabu neno nafas, yaani pumzi, na neno nafsi yana mzizi mmoja. Mtume (S.A.W.) alipotuhimiza kumwondolea muumini dhiki miongoni mwa dhiki za dunia, kisha akatubashiria kwamba Allah (S.W.) atamwondolea mwenye kufanya hivyo dhiki za Siku ya Kiyama, kitenzi alichokitumia, naffasa, kimetoka katika mzizi huohuo. Ni kana kwamba kumwondolea mtu dhiki ni kumpa nafasi ya kupumua, na malipo yake ni kupewa nafasi ya kupumua siku ambayo vifua vyote vitabanwa.

Tafakari pia jambo hili. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21. Ile tunayoitoa, tunayodhani ni takataka tupu, bado ina asilimia 16 hivi, na ndiyo maana aliyezama anaweza kuokolewa kwa kupuliziwa mdomoni. Hata pumzi yako iliyokwishatumika ina akiba ya uhai wa mwenzako. Itakuwaje basi tushindwe kuwapa watu wa nyumba zetu hewa safi ambayo Allah (S.W.) ameimwaga bure nje ya mlango?

Ndugu zangu, tumefundishwa kwamba toba ya mja hupokewa maadamu roho haijafika kooni. Maana yake kipimo cha toba ni pumzi: inayoingia ni fursa, na ya mwisho hatuijui. Mwenye sigara mfukoni aitupe leo. Mwenye jiko la moshi nyumbani aende akalitazame leo, asimame humo dakika tano mlango ukiwa umefungwa, kisha aamue.

Tunamuomba Allah (S.W.) avifungue vifua vyetu kwa Uislamu, awaponye wagonjwa wetu wanaohema usiku, awalipe mama zetu kwa kila pumzi waliyoitumia kwa ajili yetu, na aifanye pumzi yetu ya mwisho iwe yenye shahada. Amin.

Wabillahi tawfiq.